Mbwa Mchanga Anatafuna Kila Kitu Shambani? Weka Fimbo Chini, Fanya Hivi



Leo tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tunazungumzia mlinzi. Vijana wengi mliowekeza kwenye kuku, mboga na nyanya za umwagiliaji mmeanza kuchukua watoto wa mbwa ili waje kulinda usiku. Wazo ni zuri. Mbwa anamsikia mwizi kabla binadamu hajashtuka, nguchiro na kicheche hawasogelei banda ovyo, na hadai mshahara mwisho wa mwezi.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Mtoto wa mbwa anafika shambani ana miezi miwili, kila mtu anampenda. Akifika miezi minne, mpira wa dripu umetobolewa, gambuti moja haionekani, trei za mayai zimekuwa vumbi, na waya wa sola umebaki nyuzi tupu. Hapo ndipo simu zinapoanza: "Afisa, huyu mbwa nimfanyeje? Nimempiga mpaka nimechoka, bado anatafuna. Nimuuze?"

Usimuuze, na hiyo fimbo iweke chini. Mbwa mchanga anayetafuna hana ukorofi wala laana. Ana meno yanayoota, ana nguvu nyingi isiyo na kazi, na anaishi kwenye shamba ambalo vitu vimezagaa. Meno huwezi kuyazuia. Hayo mengine mawili yapo ndani ya uwezo wako kabisa.

Halafu ujue kwamba gambuti ndiyo hasara ndogo. Shamba la biashara limejaa vitu vinavyoweza kumuua mbwa kwa siku moja: sumu ya panya, chupa za viuatilifu, magunzi, nyaya. Kwa hiyo somo la leo ni la kuokoa mali na kuokoa mbwa kwa pamoja. Twende hatua kwa hatua.

1. Elewa kwanza meno yake

Mtoto wa mbwa anazaliwa bila meno. Meno ya utoto yanaanza kuchomoza karibu na wiki ya 3, na akifika wiki ya 8 huwa nayo karibu yote, jumla 28. Ni madogo na makali kama sindano, wewe mwenyewe umeshayaonja.

Kuanzia karibu miezi mitatu na nusu hadi minne, meno hayo yanaanza kung'oka na meno ya ukubwa yanaota, jumla 42. Zoezi hilo linakamilika karibu na mwezi wa 7. Katika kipindi hicho fizi zinawasha na kuuma, na dawa pekee anayoijua mbwa ni kuguguna kitu. Ukiona tone la damu kwenye kitu alichotafuna, au kijino kidogo sakafuni, usiogope.

Watu wengi hudhani meno yakikamilika kutafuna kutaisha. Hapana. Kuanzia mwezi wa 7 au 8 anaingia awamu ya pili, ya ujana. Meno ni mapya, taya zina nguvu, na anataka kujua kila kitu kilichopo shambani. Mkono hana, kwa hiyo anachunguza kwa mdomo. Awamu hii inaweza kwenda mpaka umri wa mwaka mmoja, na kwa mbwa wa maumbo makubwa hata mwaka na nusu. Na hasara yake ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu taya za mbwa wa miezi 10 hazilingani na za mbwa wa miezi minne.

Kwa hiyo unachohitaji ni mpango wa mwaka mzima. Mwaka mmoja ukiufanya vizuri, una mlinzi wa miaka kumi.

Jambo dogo kwa wale ambao bado hawajachukua mbwa: usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Akiwa na ndugu zake anajifunza kwamba akiuma sana, mwenzake analia na mchezo unaisha. Aliyetolewa wiki ya 4 au 5 amelikosa somo hilo, na mara nyingi ndiye anayeuma mikono ya watu bila kipimo.

2. Tazama anatafuna nini, saa ngapi, na wapi

Kabla ya kutibu, chunguza. Chukua daftari lile lile unaloandika mayai, kwa siku tatu andika kila kitu alichotafuna, muda, na alikuwa na nani. Daftari litakuambia mengi.

*Mipira ya dripu na bomba laini.* Mara nyingi anatafuta maji, au anavutwa na sauti ya maji yanapoanza kupita ndani. Mpira ukitoboka maji yanamrukia usoni, anaona ni mchezo, kesho anarudi. Angalia kama chombo chake cha maji kina maji mchana kutwa na kama kipo kivulini.

*Gambuti, kandambili, nguo za kazi.* Hivi vina harufu yako. Akivitafuna ukiwa haupo, anakukumbuka au yuko mpweke.

*Mlango wa banda lake, kamba, mnyororo.* Huyu amefungiwa muda mrefu mno. Anatafuta njia ya kutoka.

*Viroba vya chakula cha kuku, trei, magunia ya pumba.* Anafuata harufu ya chakula. Jiulize kama anashiba.

*Udongo, mawe, mkaa, kinyesi.* Hapa fikiria minyoo, lishe duni, au ugonjwa wa tumbo. Mpeleke akaonwe.

*Mkia wake, miguu yake, ngozi yake.* Hili ni tatizo tofauti kabisa. Tafuta viroboto, kupe au ukurutu, na mwone afisa mifugo.

Umeona? Mbwa sita wanaotafuna wanaweza kuwa na sababu sita. Ukiwapiga wote, hujatibu hata mmoja.

3. Vitu vya shambani vinavyoua mbwa anayetafuna

Sehemu hii isome kwa makini, halafu zunguka shambani kwako leo hii ukiwa umeshika kiroba.

Magunzi. Hiki ndicho kitu ambacho vijana hawakiogopi kabisa. Gunzi lina ladha ya mahindi, mbwa analivunja vipande na kumeza. Halisagiki tumboni. Kipande kinaweza kukwama kwenye utumbo na kuufunga, na mara nyingi hapo hakuna dawa ya kunywa, ni upasuaji. Kokwa ya embe na kokwa ya parachichi vina hatari hiyo hiyo. Dalili zake: anatapika mara kwa mara, hataki kula, hapati choo au anapata kidogo kwa shida, anakunja mgongo kwa maumivu ya tumbo. Ukiona hivyo usisubiri kesho.

Sumu ya panya. Kwenye banda la kuku na ghala huwa haikosekani. Nyingi zinazuia damu kuganda, na dalili hazionekani siku ile ile. Zinaweza kuja baada ya siku mbili mpaka tano: fizi nyeupe, kuchoka, choo cheusi, damu puani. Kwa hiyo ukijua amekula sumu, mpeleke akiwa bado mzima. Kwa aina hizo za sumu kuna tiba, vitamini K1, lakini inahitaji kuanza mapema. Na panya aliyekufa kwa sumu usimwache mbwa amle. Weka sumu ndani ya kisanduku au bomba ambalo panya anaingia na mdomo wa mbwa hauingii.

Viuatilifu na dawa ya kuogeshea mifugo. Chupa tupu haiko tupu. Mabaki yaliyobaki kwenye mfuniko yanatosha kumdhuru mbwa wa kilo tano. Dalili za sumu nyingi za wadudu ni udenda mwingi, macho kutoa machozi, misuli kutetemeka, kushindwa kusimama. Chupa ikiisha isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishe kwenye pampu ya kupulizia, kisha itoboe na kuifungia. Tabia hiyo inamlinda pia mtoto wa kibarua wako.

Nyaya za umeme na sola. Paneli zinazoendesha pampu, jua likiwa kali, zinaweza kuwa na umeme wa kutosha kuua. Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki na ulifukie, au zipandishe juu asikozifikia. Ukikuta mbwa kaganda kwenye waya, zima chanzo kwanza kabla ya kumgusa.

Mifupa iliyopikwa. Mfupa wa kuku uliochemshwa au kukaangwa unavunjika kuwa vipande vyenye ncha. Unaweza kutoboa koo au utumbo. Usimpe, hata akikulilia.

Sindano, vifuniko vya chupa za chanjo, kamba za nailoni, vipande vya turubai. Hivi ni vya kuokota kila baada ya kazi. Kamba ya nailoni ikimezwa inaweza kuukunja utumbo wote.

Mbwa akishakula sumu, fanya hivi: mwondoe eneo hilo, chukua chupa au pakiti ya alichokula, mpigie daktari wa mifugo, na muanze safari. Usimlazimishe kutapika bila kuelekezwa. Na yale mambo ya kumnywesha maziwa au mafuta ya kula yaache. Mafuta yanaweza kufanya baadhi ya sumu ziingie mwilini kwa kasi zaidi, na mbwa aliyelegea ukimnywesha kwa nguvu, kinywaji kinaingia kwenye mapafu.

4. Hatua sita za kumrekebisha

Hatua ya kwanza: safisha shamba. Mbwa hawezi kutafuna kitu asichokifikia. Gambuti zitundikwe kwenye misumari. Trei zipangwe juu ya kichanja. Chakula cha kuku kiwe kwenye pipa lenye mfuniko. Bomba kuu la maji lifukiwe, na mipira ya dripu ifunikwe kwa matandazo, ambayo yanakusaidia pia kutunza unyevu. Eneo la bustani liwe na uzio hata wa miti na wavu, mbwa asiingie peke yake mpaka akomae.

Kijana, usione uzio ni gharama. Tundu moja kwenye mpira wa dripu linashusha msukumo wa maji, na mimea iliyo mbele ya tundu inakosa maji yake. Kiungio cha kuziba si ghali. Ghali ni mstari wa nyanya uliokauka wakati wa kuweka matunda, wewe ukidhani ni ugonjwa wa mnyauko.

Hatua ya pili: mpe vitu vyake vya kutafuna. Ukimwondolea vyote bila kumpa mbadala, atatafuna nguzo ya banda. Hivi hapa vinapatikana vijijini:

Karoti mbichi nzima. Ikiwa ya baridi inatuliza fizi, na akiila haina madhara.

Kitambaa kizito kilicholoweshwa kwenye supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu, kikafungwa fundo na kugandishwa kwenye friji. Hii ni nzuri sana kati ya miezi minne na saba. Kikianza kuchanika, kitupe.

Mfupa mkubwa mbichi wa goti la ng'ombe, kutoka kwenye nyama iliyokaguliwa. Awe mbele ya macho yako, aguguna gegedu na nyama kwa dakika 20 hivi. Akianza kuuvunja mfupa wenyewe, mchukulie.

Kwa ndugu zangu wa Kilimanjaro, Mbozi, Mbinga na Kagera: kipande kinene cha mti wa mkahawa uliokatwa wakati wa kupogoa, kikamenywa gamba na kukaushwa. Mti huu haupasuki kirahisi kuwa vijiti vyenye ncha. Lakini uwe haujapuliziwa dawa.

Epuka kwato na pembe, zinavunja meno. Epuka kipande cha tairi, ndani kina waya. Na usimpe kandambili ya zamani ukidhani umempa mdoli. Mbwa hajui tofauti ya kandambili iliyochakaa na ile uliyonunua jana. Umemfundisha kwamba viatu ni vyakula vyake.

Vitu vyake viwe vitatu au vinne, umpe viwili leo, vingine kesho. Akiviona vyote kila siku anavichoka.

Hatua ya tatu: mfundishe neno moja, "achia". Ukimkuta na kitu chako, usimkimbize. Ukimkimbiza umeanzisha mchezo, na kwenye mbio atakushinda. Mbaya zaidi anajifunza kumeza haraka kabla hujafika, na kama ni gunzi ndiyo umemmezesha wewe.

Fanya biashara naye. Shika dagaa mmoja, msogelee taratibu, mwekee karibu na pua. Akifungua mdomo kuachia kitu, sema "achia", mpe dagaa, kisha mpe kitu chake halali cha kutafuna. Fanya zoezi hili kwa kitu chake mwenyewe dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Mara nyingine mrudishie kile kile alichokiachia, ili ajue kuachia si kunyang'anywa. Ndani ya wiki chache, wengi wanaachia kwa neno tu.

Muhimu sana: watu wote shambani watumie neno hilo hilo. Wewe ukisema "achia", kibarua akisema "wewe!", na mama watoto akisema "toka", mbwa hajasikia kitu.

Hatua ya nne: mchoshe. Mbwa aliyechoka analala. Asubuhi kabla ya kufungua kuku, zunguka naye mipaka ya shamba. Jioni tena. Asiwe wa kukimbizwa na pikipiki, viungo vyake bado laini, kutembea kunatosha. Mchana, dakika kumi, tupa dagaa wachache kwenye majani mafupi umwachie awatafute kwa pua. Kazi ya pua inamchosha kuliko unavyofikiri, na ndiyo kazi atakayokufanyia usiku akiwa mkubwa.

Hatua ya tano: mlishe ipasavyo. Ugali mtupu wa pumba haumtoshi mbwa anayekua. Ongeza dagaa, maharage yaliyoiva vizuri, mabaki ya nyama yasiyo na mifupa, au utumbo wa kuku uliochemshwa. Chini ya miezi sita ale mara tatu kwa siku, baada ya hapo mara mbili. Dawa ya minyoo apewe kila wiki mbili tangu akiwa na wiki mbili mpaka wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila baada ya miezi mitatu.

Na tafadhali, kuku aliyekufa usimtupie mbwa. Unasambaza ugonjwa shambani, na unamfundisha kwamba kuku ni chakula. Fukia au choma. Hali kadhalika mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji, hayo yana lava wa minyoo wanaorudi kwa binadamu kupitia mbwa. Yachomwe au yafukiwe kwa kina.

Hatua ya sita: awe na eneo lake. Saa ambazo huwezi kumwangalia, mfano unapulizia dawa au unapakia mayai, awe kwenye kizimba chenye kivuli, maji, na kitu chake cha kutafuna, bila kitu kingine. Kizimba kisiwe jela. Mlishe humo, mpe mfupa humo, apapende. Na asikae humo kutwa nzima, vinginevyo tunarudi kwenye tatizo la kutafuna mlango.

5. Mambo yanayofanywa sana na hayasaidii

Kumpiga. Mbwa anaunganisha adhabu na kile kinachotokea sekunde ile. Ukija saa kumi ukakuta gambuti imeliwa tangu asubuhi, ukampiga, anachojifunza ni kwamba ukirudi nyumbani unapiga. Kile kichwa anachoinamisha na mkia anaoficha si kukiri kosa, ni woga wa sura yako. Kesho atatafuna akiwa amejificha nyuma ya ghala, ambako ndiko sumu ilipo. Na mbwa mwoga si mlinzi. Atamkimbia mwizi, au atamuuma mteja aliyekuja kununua mayai. Tena Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa.

Kumfunga mnyororo mfupi kutwa. Unaongeza kile kile kinachomfanya atafune. Akifunguliwa usiku anafungua na hasira zake zote.

Kupaka pilipili. Baadhi ya mbwa wanazoea, na inaweza kuwaunguza macho. Ukitaka kitu cha kumkatisha hamu, siki iliyochanganywa na maji kwenye nguzo au mlango inatosha kusaidia kidogo. Ni msaada tu, hatua sita za juu ndizo kazi.

Kupaka shubiri. Ni chungu kweli, lakini utomvu wake unamletea mbwa kutapika na kuharisha.

Kupaka oili chafu ya gari. Hii ni sumu, kwa kutafuna hata kwa kupaka kwenye ngozi yake. Wanaopaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, hakikisheni mbwa hazifikii.

6. Tahadhari: kutafuna kwingine ni ugonjwa

Hapa naomba usiruke mstari. Kuna kutafuna kwa mtoto anayekua, na kuna mbwa anayeng'ata mawe, vijiti, mnyororo au mwili wake bila sababu kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Tofauti iko hivi. Anayekua anatafuna huku anacheza, anakula, anakunywa, anakutambua. Mwenye kichaa cha mbwa anabadilika ghafla ndani ya siku chache: mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa mpole kupita kawaida, sauti inabadilika, udenda unamtoka, anashindwa kumeza, taya inalegea, anapepesuka. Hata mtoto wa mbwa anaweza kuupata akiumwa na mbwa mwingine au mnyama pori.

Watu wengi hujiponza hapa: wanaona mbwa hamezi, anatoa udenda, wanasema "huyu amekwamwa na mfupa", wanaingiza mkono mdomoni. Usifanye hivyo hata siku moja. Mfungie sehemu salama bila kumgusa, zuia watoto, mwite afisa mifugo mara moja.

Ukiumwa, au mate yake yakikuingia kwenye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo inazuia kabisa ukiiwahi.

Kwa kuwa mbwa mchanga anang'ata mikono ya kila mtu kwa mchezo, chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima. Achanjwe akifika miezi mitatu, na irudiwe kila mwaka. Tunza kadi yake pamoja na nyaraka za shamba.

7. Mfano wa ratiba ya siku

Saa 12 asubuhi: kuzunguka mipaka ya shamba, kisha chakula.
Saa 2: zoezi la "achia" dakika tano, halafu kizimbani na karoti au mfupa wakati mnafanya kazi.
Saa 6 mchana: chakula kama hajafikisha miezi sita, maji mapya, kutafuta dagaa kwenye majani.
Mchana: kulala kivulini. Mbwa mchanga analala sana, muache.
Saa 10 jioni: matembezi, zoezi la "achia", kukaa karibu na watu wakati wa kufunga kuku, ili azoee kuku bila kuwagusa.
Saa 1 usiku: chakula. Kabla ya kulala, pita na tochi uokote kilichobaki chini.

Ukijumlisha, kazi yako wewe mwenyewe haizidi saa moja na nusu kwa siku, na nusu yake ni ukaguzi wa shamba ambao ulitakiwa kuufanya hata kama huna mbwa.

8. Utegemee nini, na lini

Wiki mbili za kwanza utaona mabadiliko madogo, na mengi yatakuwa ni kwa sababu umesafisha shamba. Mwezi wa pili "achia" itakuwa imekaa. Akifika miezi saba fizi zinatulia. Kuanzia mwezi wa nane anaweza kukurudisha nyuma kidogo, usikate tamaa wala usirudi kwenye fimbo, shikilia ratiba ile ile. Baada ya mwaka mmoja wengi wanatulia.

Kama umefanya haya kwa mwezi mzima na bado anaharibu vile vile, au anakonda, au anatapika, usiendelee kubahatisha. Mpeleke kwa afisa mifugo wa kata yako na lile daftari. Daftari lenye tarehe na vitu alivyotafuna linamsaidia mtaalamu kuliko maelezo ya nusu saa.

Kazi ya leo jioni ni moja: kabla giza halijaingia, zunguka shamba na kiroba. Anza na magunzi, malizia na chupa za dawa.

Kazi njema.